Mji mdogo wa kufikia Italia: chagua kituo cha treni kwanza

Kibao cha basi kilikuwa kimeandikwa FERIALE kwa herufi kubwa. Kwa Kiitaliano changu cha kuokoteza nikajua hilo ni neno la sikukuu na mapumziko. Leo Jumapili, basi mabasi yapo. Nikamwambia dada yangu tukae, litakuja. Tukakaa kwenye benchi la jiwe, kwenye mji mmoja wa kilimani kusini mwa Toscana, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tano, tukimtazama paka akilamba kifuniko cha mtindi. Aliyetuonea huruma ni mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wake. Alikuja hadi kwenye kibao, akagonga lile neno kwa kidole, akatikisa kichwa, kisha akatuonyesha neno la pembeni ambalo chini yake hapakuwa na saa hata moja: FESTIVO.

Feriale ni siku za kazi, Jumatatu hadi Jumamosi. Festivo ndiyo Jumapili na sikukuu. Siena, tulikokuwa tunakwenda, siku ile tuliisikia tu.

Mji wenyewe ulikuwa mzuri mno, na hilo ndilo lililotuponza. Nilikuwa nimeuchagua kwa picha: miti ya misonobari, mnara, dirisha lenye maua. Tulishalipa usiku sita. Reli haikufika, mabasi yalikuwa ya kuhesabu, na kila safari ilianza kwa kumbembeleza mwenye nyumba atushushe bondeni. Tangu hapo nachagua kwa utaratibu mwingine, na ndio ninaoueleza hapa. Unamfaa mtu anayekwenda Italia kwa wiki moja hivi, bila gari, anayetaka kufungua begi mara moja tu, alale mahali patulivu, na kila asubuhi atoke kwenda kuona mji mwingine na kurudi siku hiyohiyo.

Kuna faida moja zaidi kwa wenye pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda. Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia, inataka uonyeshe utakapolala kila usiku. Uthibitisho mmoja wa nyumba kwa wiki nzima ni mwepesi kuliko karatasi tano za hoteli za miji mitano ambazo tarehe zake lazima zishikane. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isipungue kinga ya euro 30,000. Panga nyumba inayoweza kufutwa bila kukatwa pesa, ili viza ikichelewa usilie mara mbili.

Hatua ya 1: Andika unakotaka kwenda, kisha futa nusu

Kwa usiku saba, andika sehemu nne, zikizidi sana tano. Siku zinazobaki ni za kufika, za kuondoka, na moja ya kutofanya lolote. Hiyo ya mwisho usiifute. Siku ya nne mfululizo ya kutembea juu ya mawe ya karne zilizopita, miguu itaidai yenyewe.

Sasa fungua ramani ya reli, siyo ramani ya barabara. Reli kuu ya zamani kati ya Roma na Firenze (Florence) inapita Orte, Orvieto, Chiusi, Terontola na Arezzo, kama shanga kwenye uzi. Veneto, mkoa wa kaskazini-mashariki, ni wavu: njia zinakatana kila upande. Puglia, mkoa wa kusini, ni mstari mmoja mrefu wa pwani kutoka Bari kuelekea Lecce. Angalia sehemu zako nne zinakaa kwenye uzi upi. Zikiwa zimetawanyika, mfano umeandika Cinque Terre ya kaskazini na Matera ya kusini kwa wiki moja, hakuna mji duniani utakaokusaidia. Tatizo ni orodha. Moja iachie safari nyingine.

Hatua ya 2: Kituo kiko wapi kweli?

Hapa ndipo wengi tunapotegwa. Kituo kubeba jina la mji hakumaanishi kiko mjini. Miji mingi mikongwe ya Italia ilijengwa juu ya vilima ili adui achoke njiani. Reli ilipokuja karne ya 19 ilipita bondeni.

Kituo cha Assisi kiko Santa Maria degli Angeli, kilomita kadhaa chini ya mji, na lazima upande basi. Kituo cha Montepulciano kiko mbali na mji kiasi kwamba wengi hushukia Chiusi na kuchukua basi huko. San Gimignano haina reli kabisa. Unashuka Poggibonsi, unabadilisha basi. Siena inacho kituo, ila kiko chini ya kilima, na unapanda ngazi za umeme moja baada ya nyingine mpaka ujiulize kama zina mwisho. Na kati ya Siena na Firenze, basi la moja kwa moja mara nyingi ni bora kuliko treni, kwa sababu linakufikisha karibu na katikati ya mji.

Miji yote hiyo inafaa kutembelewa. Ninachokataa ni kuifanya maskani.

Kipimo changu: nachora njia kwa miguu kwenye ramani ya simu kutoka kituoni hadi mlango wa nyumba ninayotaka kupanga. Ikizidi dakika 20, au ikipanda kilima bila chombo cha uhakika, naufuta mji.

Hatua ya 3: Hesabu mlango kwa mlango

Tangazo la nyumba litakwambia "Roma saa moja tu." Hiyo saa moja ni ya treni. Wewe huishi ndani ya treni.

Chukua Orvieto, mji wa Umbria ninaoupenda kiasi cha kuusema vibaya bila hofu. Umekaa juu ya bonge la mwamba laini wa volkano lililokatika wima pande zote, kama keki iliyopunguzwa kingo. Kituo kiko chini, sehemu inayoitwa Orvieto Scalo. Mbele yake tu kuna behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma kupanda jabali. Lilianza mwaka 1888 likiendeshwa kwa uzito wa maji, likafungwa, kisha likarudi likiwa la umeme mwaka 1990. Linakufikisha Piazza Cahen kwa dakika chache tu, na hapo basi dogo linakusubiri kukupeleka hadi kanisa kuu.

Tuseme umepanga karibu na kanisa hilo. Asubuhi: robo saa ya kutembea hadi Piazza Cahen, dakika 10 za kusubiri behewa na kushuka, dakika 10 za kupata jukwaa na kuvuta pumzi, kisha treni ya kawaida hadi Roma, saa moja na robo hivi. Jumla inakaribia saa mbili. Zizidishe mara mbili, upate saa nne za njiani. Kwa Roma nazitoa, kwa sababu nikishuka Termini, kituo kikuu cha Roma, nina metro hapo chini. Kwa mji mdogo wa kuona kanisa moja, sizitoi.

Kanuni yangu ni saa moja na nusu, mlango kwa mlango, kwa safari za kawaida; na safari moja tu kwa wiki ninairuhusu ifike saa mbili. Ukijikuta unatetea ya pili, hamia mji mwingine ungali kwenye karatasi.

Utauliza: kwa nini nisipange Orvieto Scalo, niukwepe huo mlima? Unaweza, na kodi ni nafuu. Lakini jioni utakuwa unatazama maegesho ya magari, na mji uliokuleta uko juu ya kichwa chako umewashwa taa. Mimi nalala juu. Ila kumbuka lile behewa husimama jioni, karibu saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo treni ya kurudi utakayoichagua ndiyo inayoamua kama utapanda kwa kamba, kwa teksi au kwa magoti.

Hatua ya 4: Pima Jumanne, Jumamosi na Jumapili

Kabla ya kulipa nyumba, ingia kwenye tovuti ya Trenitalia, kampuni ya treni ya Italia, na utafute safari zako kwa siku tatu: Jumanne ya kawaida, Jumamosi, na Jumapili. Tafuta kwenda, halafu tafuta kurudi baada ya saa moja usiku. Watu huangalia kwenda tu. Treni ya mwisho ya kurudi ndiyo inayopima mji wako.

Tumia majina ya Kiitaliano: Firenze Santa Maria Novella, Roma Termini, Venezia Santa Lucia. Venezia Mestre ni bara, ng'ambo ya maji. Ukishuka Mestre ukitafuta mifereji, utakuta magari.

Kwa mabasi, kariri maneno matatu. Feriale na festivo umeshayajua kwa hasara yangu. La tatu ni scolastico: basi hilo hutembea siku za shule tu, maana yake kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba usilitegemee. Kwenye ratiba za karatasi, nyundo mbili zilizopishana ni siku za kazi, na msalaba ni Jumapili na sikukuu. Sikukuu zinazowakamata wageni ni 25 Aprili, 1 Mei, 2 Juni na 15 Agosti. Hiyo ya Agosti, Ferragosto, nchi nzima iko ufukweni.

Halafu mambo ya saa. Ratiba zao ni za saa 24, na sisi tunahesabu toka jua linapochomoza. Nimeona watu wazima, wenye shahada, wakikosa treni ya 19:10 kwa sababu walishaigeuza kichwani mara mbili. Mimi siigeuzi. Naiandika 19:10 kwenye karatasi na simu nayo naiweka kwenye saa 24, mpaka nirudi nyumbani.

Hatua ya 5: Jua aina ya treni, kwa sababu ndiyo inayobeba bei

Frecciarossa na Italo ni za kasi, zina kiti cha namba, na bei yake hupanda kadiri siku inavyokaribia. Nyingi hazisimami kwenye miji midogo. Intercity ni za kati, nazo zina kiti cha namba. Regionale na Regionale Veloce, treni za mikoani, ndizo za kwako. Bei yake inafuata umbali, haipandi, hakuna kiti cha kuweka, na unaweza kuamka ukaona mvua ukabadilisha mji bila kupoteza senti. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kufikia mji wenye treni nyingi za regionale: mpango wako unabaki laini.

Tiketi ya karatasi ya regionale lazima uigonge muhuri kwenye kile kimashine kilichofungwa ukutani karibu na majukwaa, kabla ya kupanda. Usipogonga, kwa mkaguzi ni kama hujalipa, na faini anakukatia hapohapo. Ya simu haigongwi muhuri, lakini nayo inataka uithibitishe kwenye simu kabla ya treni kuondoka. Wengi husahau hili wakidhani kulipa kumetosha.

Migomo ipo, na hutangazwa mapema. Neno lake ni sciopero. Siku za kazi treni za mikoani zina muda unaolindwa, kuanzia 6:00 hadi 9:00 na 18:00 hadi 21:00. Siku ya mgomo nenda mapema, rudi jioni, au fanya ndiyo ile siku yako ya kutofanya lolote.

Hatua ya 6: Mji unaishi jioni?

Utakuwepo mjini kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili asubuhi. Picha za mchana hazikuhusu. Tafuta kwenye ramani vitu vinne ndani ya umbali wa miguu: duka kubwa la vyakula kama Coop au Conad, duka la dawa, mgahawa wa kahawa unaofunguliwa alfajiri, na sehemu mbili za kula ambazo wenyeji wanaandika maoni yao kwa Kiitaliano. Mji ambao maduka yake yote yanauza sumaku za friji na chupa za limoncello, pombe ya limau, ni jukwaa la maonyesho, watalii wakiondoka saa kumi na moja na pazia linafungwa.

Kwa wasiokula nguruwe, hatua hii ina uzito zaidi, na hakuna atakayekwambia. Umbria na Toscana ni nchi ya nguruwe. Mji wa Norcia umekuwa maarufu kwa kazi hiyo hadi maduka ya nyama ya nguruwe yanaitwa norcineria. Prosciutto, speck, pancetta, guanciale, lardo, porchetta: yote ni nguruwe. Lakini neno la kulisaka kwa macho mawili ni strutto. Hayo ni mafuta ya nguruwe, na hujificha kwenye mikate ya bapa kama piadina, hata ile yenye jibini tu. Sema "senza maiale", bila nguruwe, kisha uliza "c'è strutto?", kuna strutto? Ndiyo maana napanga nyumba yenye jiko badala ya chumba cha hoteli. Samaki, maharagwe meupe, nyanya na mafuta ya zeituni ya hapo hapo, na usiku unaishia vizuri.

Miji minne ninayoweza kuitetea

Orvieto nimeshaisema. Ongeza Arezzo na Chiusi kwenye reli hiyohiyo, na Civita di Bagnoregio, kijiji kinachofikiwa kwa daraja la miguu tu na kiingilio juu yake. Basi lipo siku za kazi, Jumapili usilitegemee. Sokoni nenda Alhamisi au Jumamosi, Piazza del Popolo. Na ukikosa behewa pale juu, pembeni yake kuna kisima cha San Patrizio: ngazi mbili zilizojizungusha bila kukutana, kila moja na vipago 248, ili wanyama wa mizigo washuke na moja na kupanda na maji kwa nyingine.

Lucca, Toscana. Tambarare, kituo kiko nje kidogo tu ya ukuta, na juu ya ukuta wenyewe kuna njia ya kilomita 4 hivi ambako wenyeji hutembea jioni na watoto wao. Pisa iko nusu saa. Usishukie Pisa Centrale; treni nyingi za Lucca husimama Pisa San Rossore, na kutoka hapo mnara ulioinama uko dakika chache kwa miguu. Viareggio, bahari, ni karibu zaidi. Firenze inataka kama saa moja na nusu, na hiyo ndiyo safari yako ndefu ya wiki. Kwa anayesafiri na mama mzazi au na kigari cha mtoto, Lucca haina mpinzani.

Castelfranco Veneto watu hawaijui, na raha yake iko hapohapo. Mji mdogo uliozungukwa na ukuta wa matofali na handaki la maji, alikozaliwa mchoraji Giorgione, na mchoro wake wa madhabahu bado uko kwenye kanisa kuu. Reli zinakutana hapo kutoka pande zote: Treviso, Bassano del Grappa, Padova, Vicenza, na Venezia kwa chini ya saa moja. Padova weka nafasi mapema kwa kanisa dogo la Scrovegni lenye michoro ya Giotto. Bila nafasi utaliona kwa nje. Na jua kwamba Venezia, tangu 2024, inawatoza wanaokuja na kurudi siku hiyohiyo kwa tarehe fulani za msimu. Angalia tarehe kabla hujapanga siku yako.

Monopoli, Puglia, kwa wapenda bahari. Wavuvi wapo kweli, mitumbwi ya buluu bandarini, kanisa, magofu ya ukuta. Polignano a Mare ni kituo cha jirani, Bari ni nusu saa hivi, na Ostuni na Lecce ziko kwenye reli hiyohiyo. Kituo cha Ostuni, kumbuka hatua ya 2, kiko chini ya mji na kuna basi. Kwa anayetoka Tanga au Lamu, asubuhi ya Monopoli ina harufu anayoijua.

Hatua ya 7: Nyumba, kisha mpangilio wa siku

Soma tangazo kwa maneno haya. Piano terra ni chini, primo piano ni ghorofa ya kwanza, na terzo piano senza ascensore ni ghorofa ya tatu bila lifti, ngazi nyembamba za jiwe, na begi lako la kilo 23. Kuna kodi ya kulala, tassa di soggiorno, ambayo mara nyingi hulipwa mkononi kwa mwenye nyumba, weka chenji. Ukiamua kukodi gari hata siku moja, ogopa kibao cha ZTL, eneo lisiloruhusu magari yasiyo na kibali, kwenye malango ya miji mikongwe. Kamera inapiga picha namba, na barua ya faini inakufuata hadi nyumbani miezi baadaye.

Siku zipange kwa milango inayofungwa. Uffizi ya Firenze hufungwa Jumatatu, kama makumbusho mengi ya nchi hiyo. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo Jumapili yangu huwa ya mji wa karibu wenye treni nyingi, Jumatatu ya bahari au kijiji, na miji mikubwa naibana katikati ya wiki. Safari ndefu kuliko zote naiweka siku ya tatu, mwili ukiwa umeshazoea na bado haujachoka.

Jioni ya kufika, kabla ya kutafuta chakula, tembea hadi kituoni ukiwa mikono mitupu. Tafuta tangazo la njano, ndilo la treni zinazoondoka. Jeupe ni la zinazoingia. Lipige picha. Jaribu kimashine cha muhuri kiko wapi. Hesabu dakika za kurudi kwa mwendo wako, siyo wa ramani. Njiani pita dukani ununue maji, mkate na matunda ya kesho, hasa kama kesho ni Jumapili.